Fuko Aliyesomea Mizizi

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitikia kama karani anayengoja saa kumi afunge ofisi? Rudieni. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo imefika mpaka jikoni. Watoto kaeni mbele. Wakubwa kaeni popote, lakini simu zizimwe, na asitokee mtu wa kunikata kauli ati hadithi hii anaijua. Huijui. Nyamaza usikie.

Hapo zamani, zamani za kale kabisa, wanyama walipokuwa na kamati nyingi kuliko chakula, palikuwa na mkuyu. Mmoja tu, bonde zima.

Mkuyu mkubwa! Ukianza kuuzunguka na chai ya moto mkononi, ukimaliza chai imepoa. Kiangazi kikiingia, nyasi zinakauka, mto unabaki matope, nao mkuyu unazaa. Makuyu mekundu. Pu! Pu! Pu! yanaanguka. Nyati anakula. Ngiri anakula. Kanga na wanawe wanakula. Panya anakula, na mengine anayabeba shimoni.

Sasa sikilizeni vizuri. Nyati akikosa makuyu, ana miguu. Atavuka vilima akale kwingine. Panya hana kwingine. Kanga mwenye vifaranga hana kwingine. Chura hana kwingine. Mkuyu ukifa, wakubwa wanahama. Wadogo wanakufa nao.

Mwaka mmoja Kanga akainua kichwa. "Jamani, mbona juu kuna upara?"

Wakaangalia. Kweli. Matawi ya juu makavu, meupe kama mifupa.

Nyati ndiye alikuwa mwenyekiti wa kila kitu. Mwenyekiti wa maji, mwenyekiti wa nyasi, mwenyekiti wa mazishi. Aliposikia mkuyu unaumwa alifurahi kidogo, akaficha.

"Tuunde kamati," akasema.

Kasuku, katibu wake, akaruka mpaka begani kwake. "Kamati! Kamati! With immediate effect!"

Kasuku huyu alikuwa na Kiingereza. Hakuna aliyejua alikitoa wapi. Kasuku mwenyewe hakujua kinasema nini. Lakini kilimpa kazi, na nyinyi wenyewe mnajua mambo hayo.

Wakaitisha harambee. Wapi? Chini ya mkuyu, wapi kwingine! Kila mwaka ngoma za bonde zilichezwa hapo. Ngoma zikaja. Nyati akacheza, Ngiri akacheza, kila mwenye kwato akacheza. Tindi! Tindi! Tindi! Vumbi mpaka mawinguni.

Walipochoka, Nyati akasimama. "Ndugu wananchi. Tunamtuma mmoja wetu Chuo cha Mizizi, ng'ambo ya vilima saba. Akasomee miti, arudi atuambie mkuyu unaumwa nini. Skolashipu kamili, karo juu yetu! Nani ataenda?"

Kila mmoja akatazama kwato zake. Vilima saba ni vilima saba.

Ngiri akasema ana mgongo. Swala akasema ana mchumba.

Chini, miguuni pa Nyati, udongo ukainuka kidogo. Ikatoka pua. Ikafuata mikono mipana kama majembe.

"Niende mimi," sauti ikasema.

Alikuwa Fuko. Binti Fuko, mwenye macho madogo kama mbegu za ufuta, anayekaa chini ya ardhi tangu azaliwe. Wanyama wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Wewe!" Ngiri akasema. "Wewe usomee miti? Umewahi kuona jani?"

"Sijaona," Fuko akajibu. "Jani mnaliona nyinyi. Mmeona limekauka, na hapo akili zenu zimefika mwisho wa barabara. Mimi nakaa na mizizi. Huko ndiko mti unakokula."

"Ana mdomo huyu," Nyati akasema. Lakini hakukuwa na mwingine, basi akapita.

Ikaja zamu ya karo. Nyati akapaza sauti: "Naahidi magunia kumi ya mahindi!" Makofi! Ngiri akasema, "Naahidi matano!" Makofi! Wakaahidi, wakapigiwa makofi, wakaenda nyumbani.

Siku ya safari ikafika. Magunia? Hayakuonekana hata moja. Aliyekuja ni Shosho Panya, bibi kizee, na njugu zake zote za kiangazi ndani ya jani. Akaja Kanga na mtama. Akaja Chura, mikono mitupu. "Mimi sina kitu," Chura akasema, "nitakusindikiza mpaka kilima cha kwanza usitembee peke yako."

Fuko akaenda.

Alisoma miaka mitatu. Mwalimu wake alikuwa Muhanga, mchimbaji wa siku nyingi, hapendi maneno. Siku ya kwanza alimpa miche miwili kwenye vyungu viwili. "Hiki usikiguse. Hiki ukikanyage kila asubuhi. Maji vipe sawasawa. Pima, andika. Usiniletee maoni yako, niletee ulichopima." Fuko akapima. Akaandika. Akapima tena. Akala njugu moja asubuhi, moja jioni. Mwisho akapewa digrii yake, imeandikwa kwenye gamba la mti, na muhuri.

Akarudi. Alirudi kwa njia yake, chini kwa chini. Akafika bondeni, chini ya mkuyu, pale pale alipotokea siku ile. Akasukuma udongo atoke awasalimie watu wake.

Kong!

Akasukuma tena. Kong! Kichwa kikauma. Ilikuwa kama anasukuma sakafu ya saruji kutoka chini.

"Hapa nilipita na pua tu," Fuko akajiambia. "Nani amejenga nyumba juu yangu?"

Ikabidi azunguke, atokee mbali, kwenye magugu. Kutazama mbele, wueh! Hakuna aliyejenga nyumba. Kulikuwa na harambee. Tindi! Tindi! Tindi! Tangu aondoke, kila mwezi ukiandama, harambee. Harambee ya kuokoa mkuyu. Na kadiri mkuyu ulivyozidi kukauka, ndivyo harambee zilivyozidi kuwa kubwa.

Shina lilikuwa limepakwa chokaa nyeupe, kutoka chini mpaka kiuno cha mti.

Fuko akaenda kwa Nyati, digrii kwapani.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Nimerudi."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Fuko. Mliyemtuma."

"Aaah, yule wa mdomo! Karibu, karibu. Ulitaka nini?"

"Kazi, Mheshimiwa. Ile mliyonisomeshea."

Nyati akamgeukia Kasuku. Kasuku akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia. "Experience! Experience!"

"Anauliza una uzoefu wa miaka mingapi," Nyati akasema.

"Nilikuwa shuleni. Nyinyi ndio mlinipeleka."

"Tangazo linasema miaka mitano."

"Na nani ana miaka mitano ya kuutibu mkuyu huu?"

"Ngiri. Ni Afisa Mkuu wa Miti."

Ngiri alikuwa mpwa wa mke wa Nyati. Msiniulize ilikuwaje, ukoo wa wakubwa haufuati kwato. Alikuwa amekaa pale pembeni na ndoo yake.

"Ngiri ameutibu kwa dawa gani?"

"Chokaa," Ngiri akasema kwa majivuno. "Umeona ulivyopendeza?"

"Nimeona. Maiti pia huvishwa nyeupe."

"Toka!" Nyati akanguruma.

"We will get back to you!" Kasuku akasema, maana yake nenda, tutakuita.

Akarudi kesho. We will get back to you! Akarudi kesho kutwa. We will get back to you! Mwezi mzima, kila asubuhi Fuko na gamba lake mlangoni, kila asubuhi jibu lile lile. Hasira zikampanda. Akapita kijijini akiwatukana wote, mpaka waliolala wakaamka wasije wakaachwa nje ya orodha ya matusi.

Shosho Panya akamwita. Alikuwa amekonda, mbavu unaweza kuzihesabu. Wajukuu wake walikuwa wamelala kivulini, hawachezi.

"Mjukuu wangu, kelele za nini?"

"Wamenikatalia kazi, Shosho! Nimesoma miaka mitatu! Nina digrii! Anapewa Ngiri, fundi wa kupaka rangi!"

"Mwaka juzi mti ulitupa kikapu," Shosho Panya akasema polepole. "Mwaka jana, nusu kikapu. Mwaka huu nimeokota makuyu saba. Saba, mwanangu, na nina wajukuu kumi na mmoja. Unaniletea habari ya kiti? Mimi sikutoa njugu zangu upate kiti. Nilizitoa mti upone. Unaumwa nini mti?"

Fuko akalitazama gamba lake. Akaliweka chini. Mwezi mzima amelilia mlango wa Nyati, na mti wenyewe hajaupima.

Kesho yake asubuhi hakwenda ofisini. Alishuka chini.

Akapima. Kwa siku ishirini akapima. Upande wa machweo, pale wanapochezea ngoma, udongo ulikuwa jiwe. Hakuna tundu, hakuna mnyoo, hakuna hewa. Mizizi ilikuwa myeusi, imekauka, na ukiigusa inakatika, kwi! Upande wa mawio kulikuwa na mawe makubwa, na juu ya mawe hakuna anayeweza kucheza. Huko mizizi ilikuwa minene, myeupe, ina maji. Akapanda juu akamuuliza Kanga, kwa maana macho yake hayafiki: "Dada Kanga, tawi la upande wa mawe likoje?"

"Lile? Lile ndilo pekee lenye majani."

Fuko akahesabu harambee kwa vidole. Halafu akacheka. Kicheko kibaya, kisicho na furaha.

Ikaja siku ya harambee kuu, ya siku mbili. Bonde zima limejaa. Nyati juu ya kilima kidogo, shada la maua shingoni. "Ndugu wananchi! Mkuyu una hali mbaya! Kwa hivyo mwaka huu tuchange mara mbili, na tucheze mara mbili!"

"Mara mbili!" Kasuku akaitikia.

"Hoja!" sauti ikasema kutoka chini.

"Nani huyo?"

"Mliyemsomesha." Fuko akapanda juu ya jiwe. "Niko na jibu la ugonjwa. Mnataka kulisikia, au mnataka kuendelea kuuchangia?"

Watu wakacheka, wakasogea karibu.

"Mizizi inapumua," Fuko akasema. "Inapumua kama wewe, Ngiri, kabla hujalewa. Udongo ukiwa na matundu, hewa inashuka, maji yanashuka, mti unakula. Udongo ukishindiliwa, mti unakabwa koo. Na hapa kuna kwato zinazoshindilia kila mwezi mwaka wa tatu sasa. Mkuyu hauna ugonjwa, jamani. Mkuyu una harambee."

Eeeh! Kelele zikalipuka!

"Unatuita wauaji?" Nyati akafoka. "Sisi? Sisi tuliokusomesha?"

"Magunia yako kumi yalipotelea njia gani, Mzee Nyati? Nilisomeshwa na njugu za Shosho Panya na mtama wa Kanga. Chura alitoa miguu yake. Hao ndio wenye digrii hii. Wewe ulitoa sauti."

"Thibitisha!" Ngiri akapiga kelele. "Maneno matupu! Thibitisha!"

"Asante, Afisa. Nilikuwa nangoja uniombe." Fuko akageuka. "Chura, leta vibuyu."

Chura akaleta vibuyu viwili vya maji, vimejaa sawa. Cha kwanza Fuko akakimwaga katikati ya mawe, upande wa mawio. Gluu, gluu, gluu. Ardhi ikanywa. Kabla hujafumba jicho, maji hayapo.

Cha pili akakimwaga kwenye uwanja wa ngoma.

Maji yakakaa. Yakang'aa. Ungeweza kujitazama uso ndani yake. Halafu yakaanza kutembea, taratibu, taratibu, yakaenda kusimama kwenye kwato za Mwenyekiti.

Wapiga ngoma wakasogea kutazama. Hata ngoma zilikuwa zimeona.

Kifaranga mmoja wa Kanga akasema, "Mama, mti hauwezi kumeza."

Nyati akainua mguu mmoja kutoka kwenye maji, akaukung'uta. Mnadhani alisema asante? Mnadhani alisema, hebu tulifikirie hili?

"Hiyo ni siasa," akasema.

"Siasa! Siasa!" Kasuku akaitikia.

"Kesho saa sita tunaendelea. Na huyu asipewe tena nafasi ya kusema kwenye mikutano yangu. Ngoma!"

Tindi! Tindi! Tindi!

Usiniangalie hivyo, wewe mama. Hata mimi ningetamani wangeelewa. Lakini shada lilikuwa shingoni mwa nani? Karamu ya harambee inaliwa na nani kwanza? Mtu haachi kukanyaga ati kwa sababu umempimia.

Kesho yake asubuhi, jua limetoka lote, hakuna kujificha, Fuko akaja uwanjani na watu wake. Panya na wajukuu wenye nguvu ya kusimama. Kanga na vifaranga. Chura na ukoo wake. Wakajipanga kwenye uwanja wa ngoma wenyewe.

"Tumeshasema," Fuko akasema. "Sasa tunachimba. Mimi natoboa kutoka chini. Shosho na wajukuu, guguneni kutoka juu. Kanga, piga kucha. Chura, mwaga maji udongo ulegee. Kila hatua moja, shimo moja. Mzizi msiuguse. Shimo likitoboka, lijazeni majani makavu na mbolea."

"Mbolea tutoe wapi?" Chura akauliza.

"Zungukeni nyuma ya ofisi ya Mwenyekiti. Kipo kilima kizima."

Basi ndivyo mchango wa kwanza wa Nyati ulivyoufikia mti.

Wakachimba. Krr! Krr! Krr! Udongo mgumu, kucha zinakatika. Kanga akavuja damu mguuni, akafunga jani, akaendelea. Wakaimba, wimbo wa maneno mawili tu: "Chimba! Pumua! Chimba! Pumua!" Shimo hapa. Shimo pale. Saa tano uwanja ulikuwa kama chujio.

Saa sita Nyati akafika na ngoma nyuma yake.

"Ni nini hii! Ni nani ametoa kibali?"

"Sina kibali," Fuko akasema kutoka kwenye shimo lake, pua tu nje. "Nina digrii."

"Fukieni mashimo haya sasa hivi!"

"Hatufukii."

"Nitakukanyaga!"

Wapiga ngoma wakarudi nyuma. Shosho Panya akashika wajukuu wake.

Fuko hakurudi chini. Akatoka shimoni mwili mzima, mdogo kama kiazi, akasimama mbele ya kwato. "Kanyaga. Umeukanyaga mti miaka mitatu, umekanyaga njugu za bibi huyu, umeikanyaga elimu uliyoituma mwenyewe. Nimebaki mimi. Kanyaga, lakini jua unachokanyaga. Na shimo la kwanza litakalochimbwa baada yangu litakuwa hapo ulipo. Shosho, nisipokuwepo mtachimba?"

"Mpaka meno yaishe," Shosho Panya akasema.

Nyati akainua mguu. Juu. Juu kabisa. Akaushusha kwa nguvu zake zote.

Fuko akaruka kando. Chubwii! Mguu haukupata sakafu. Ulipita kwenye shimo, ukapita kwenye handaki la chini, ukazama mpaka bega. Nyati akalala kifudifudi, shada la maua usoni.

"Nitoeni! Nisaidieni! Nitoeni hapa!"

Na Kasuku, yuko begani, kwa mazoea tu, hana ubaya, akasema: "We will get back to you! We will get back to you!"

Jamani! Bonde zima lilianguka. Swala alicheka akasahau mchumba. Mpiga ngoma aliiachia ngoma, ikabingirika mpaka mtoni, hakuna aliyeifuata.

Nyati alijitoa mwenyewe, jioni, amejaa tope. Kwenye uwanja wa mashimo hakuna kwato iliyothubutu kuingia tena, kila mmoja akihofia mguu wake. Harambee ikahamia mbali, kwenye tambarare, mahali ambapo hakuna mzizi wa mtu.

Mvua ikanyesha. Maji hayakutembea. Gluu, gluu, gluu, yakashuka.

Lakini siwadanganyi. Mti si taa, ati ubonyeze uwake. Mwaka wa kwanza mkuyu haukuzaa hata kuyu moja. Wadogo walikula mizizi ya nyasi. Kanga aligawa mtama wake punje kwa punje. Wajukuu wa Shosho Panya waliokuwa kumi na mmoja walibaki tisa. Kila asubuhi Fuko alishuka, akapima, akaandika. Kila asubuhi Shosho alimuuliza, "Vipi?" Naye akasema anachokijua tu: "Mzizi mmoja umetoa ncha nyeupe." Kesho: "Miwili."

Mwaka wa pili, yakatoka majani upande wa machweo. Mwaka wa tatu, pu!

Kuyu la kwanza alilila Shosho Panya. Alikula taratibu, hakumpa mtu, na hakuna aliyemwomba.

Mwaka huo huo wadogo wakafanya harambee yao, tambarare, bila shada na bila mheshimiwa. Kila mtu alikuja na kitu mkononi, ahadi zilikatazwa. Wakamtuma binti wa Chura akasomee maji ya chini. Siku hizi yuko kilima cha tano, akitaka kwenda cha sita.

Na siku moja Kasuku akaja, akatua kwenye jiwe, akasafisha koo. "Ahem! Kamati imetenga nafasi ya Afisa wa Mizizi. Mwenyekiti anasema unaweza kuomba. Lete sivii yako, ya kazi ulizofanya, ofisini, nakala tatu."

Fuko alikuwa na udongo mpaka masikioni. Hakuacha kuchimba. Akanyoosha mkono mmoja kuelekea mkuyu, uliojaa majani toka mawio mpaka machweo.

"Sivii yangu ile pale imesimama," akasema. "Mwambie Mwenyekiti aje aisome mwenyewe. Na akija, aje kwa ncha za kwato."

Funzo nalisema wazi, kwa wenye vichwa vigumu na kwa wenye viti vikubwa: ukichanga kumsomesha mtu, msikilize akirudi, hata kama jibu alilorudi nalo linakutaja wewe kwa jina. Na wewe uliyesoma, umezungushwa ofisi mpaka viatu vimeisha: waliokutuma ni wale wa njugu mkononi. Hawakukutuma kiti. Shuka, pima, chimba, na mtu akikuuliza kibali, muulize mti umekufa kwa kibali cha nani.

Hadithi yangu naitua hapa hapa. Nyanyukeni, na mtakaopitia chini ya mti ule wa uani, zungukeni.